Kibao cha Fundi Cherehani na X Nyekundu

Ndugu zangu vijana, leo siandiki habari ya tume wala ya daftari la wapiga kura. Naandika habari ya kibao. Plaiwudi ya futi tatu kwa mbili, imepigwa rangi nyeupe, juu yake maandishi ya buluu: "Fundi wa madira, mabuibui na sare. Karibuni." Chini yake mshale.

Kibao ni cha dada yangu. Anashona hapa Tunguu, kwenye kichochoro cha nyuma, mashine moja na meza ya kukatia. Kwa asiyeijua Tunguu ya leo, hapa pana Chuo Kikuu cha Zanzibar tokea 1998 na pana kampasi ya SUZA. Mwaka wa masomo ukianza wanashuka vijana wa Pemba, wa Makunduchi, wa Bara, na mabegi yao, hawajui pa kula wala pa kutoa kopi. Anayekaanga chipsi, anayeuza vocha, kinyozi, fundi cherehani, wote riziki yao ni hawa. Na mwanafunzi mgeni hana shangazi Tunguu wa kumwambia "fundi yupo nyuma ya ule mwembe". Anafuata mshale. Kwa mtu aliye mbele, barabarani, kibao ni urembo. Kwa aliye nyuma ndio mlango wenyewe wa duka.

Asubuhi moja dada akakuta kibao kimepigwa X nyekundu. Hakuna karatasi, hakuna tarehe, hakuna jina la ofisi. X tu. Jirani ndiye aliyemwambia kuwa wamepita watu na gari, na kwamba "mnatakiwa mkakate kibali".

Basi tukaenda kukata kibali. Ofisi sitaitaja, maana nia yangu si kugombana na makarani ambao nao wana watoto. Wa kwanza akatwambia ada ni elfu thelathini kwa mwaka. Tukapelekwa chumba cha pili, pale ikawa elfu hamsini. Dada akauliza, kwa adabu zote, "Baba, hiyo imeandikwa wapi?" Akajibiwa arudi na vipimo vya kibao, picha yake, barua ya sheha na leseni ya biashara, halafu ndio ataambiwa. Siku hiyo hakushona hata dira moja.

Wapo watakaosema, kwani mnataka kila mtu apigilie mbao anapotaka? Hapana. Nakwenda mjini kwa daladala kila wiki, naona. Kuna makutano dereva haoni gari inayotoka kulia kwa sababu ya mabango. Kuna vibao vimechomekwa ndani ya hifadhi ya barabara, na barabara ikitanuliwa vitakuwa vya kwanza kulia. Utaratibu lazima uwepo.

Na Mji Mkongwe khasa ndio lazima. Ule ni urithi wa dunia tokea 2000, una mamlaka yake ya hifadhi tokea miaka ya themanini, na kuta zake ni mawe na chokaa. Si ukuta wa kupigilia chuma na taa za rangi ukaondoka. Tulioshuhudia Beit al-Ajaib inaporomoka Disemba 2020, wakafariki watu wawili, hatuhitaji kuelezwa kwamba majumba yale yamechoka. (Ingawa na niseme, si kibao cha mchuuzi kilichoiangusha Beit al-Ajaib.) Mtu wa Shangani au Malindi akiambiwa kibao chake kiwe kidogo, cha mbao, kisizibe mlango wa kuchonga, anaelewa kinacholindwa.

Sasa nielezeni, kichochoro cha Tunguu chenye nyumba za matofali na bati kinalinda nini? Hapa kinachotafutwa ni makusanyo. Sikatai makusanyo, mabaraza yetu yana kazi ya taka, ya masoko, ya mitaro, na fedha lazima itoke pahala. Lakini kodi ina sharti moja la zamani: anayelipa aijue kabla hajaulizwa. Kiwango kinachobadilika baina ya chumba na chumba hakistahiki kuitwa ada. Jina lake tunalijua sote.

Wenzetu wa Nairobi hawana mji wa malaika, lakini kaunti zao kila mwaka zinapitisha sheria ya fedha yenye jedwali la ada, mstari kwa mstari, na wananchi wanaitwa kutoa maoni kabla haijapita. Watu wanabishana nalo, wanalipeleka mahakamani. Na siku hizi pale kibali cha biashara ni kimoja, ada ya kibao imo ndani yake pamoja na zima moto na afya. Bara nao, mwaka 2017 kazi ya kukusanya ada za mabango ilipopelekwa TRA, malalamiko yalikuwa mengi, lakini angalau mtu alijua analalamikia nini.

Kuna jambo jengine ambalo sie wa upinzani tunaliona upesi kuliko wengine. Ile barua ya sheha. Sheha wetu alitupa siku ile ile, Mungu amjaalie, sina la kumlaumu. Lakini sheha kwa Sheria namba 8 ya 2014 anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais. Tunaijua vizuri historia ya barua za masheha katika nchi hii, nani alipata na nani aliambiwa "njoo kesho" mpaka uandikishaji ukafungwa. Kwa nini riziki ya fundi cherehani ipite kwenye kalamu ile ile? Leseni yake inajulisha yeye ni nani na duka liko wapi. Yatosha.

Halafu tazameni juu. Mabango ya pongezi kwa viongozi, bendera, mabao ya maskani yaliyojengewa saruji kabisa. Lile bao la Kisonge pale Michenzani, watu wa rika langu tumekua tunalisoma, likiandikwa matusi na kejeli asubuhi kwa asubuhi. Sijapata kusikia limepigwa X. Kama sheria inapima futi, basi ipime futi za wote.

Tunachotaka si kikubwa. Jedwali la ada libandikwe ukutani, nje ya kila ofisi ya baraza na kila ofisi ya sheha, kwa Kiswahili, herufi za kusomeka. Anayedai vibao vya watu aanze na chake. Kibao kidogo kilicho ukutani mwa duka lako mwenyewe kisilipiwe kabisa. Na kabla ya rangi nyekundu ije karatasi, yenye jina la ofisi na siku za kutosha mtu kwenda kujitetea. Madiwani wetu, nanyi msitwambie hamna nguvu. Sheria ndogo inapita mikononi mwenu. Iulizeni kwenye kikao kijacho, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu.

Kibao cha dada sasa kimelazwa ndani, nyuma ya mashine, na X yake. Wateja wamepungua, muhula umeanza na wageni wanapita mbele moja kwa moja. Jumatatu nakwenda naye tena. Nimechukua vipimo kwa tepu yake ya kushonea, picha tumepiga, barua ya sheha ipo na leseni ipo. Nitawaomba wanioneshe ada ilipoandikwa. Wakinionesha nitaipiga picha niiweke hapa, muione nyote.