Tusiwazike Pamoja na Habari Zao

Sisi Wajaluo, watu wa ziwani, tunajua kuzika, na hilo hatuhitaji kufundishwa na mtu. Ndugu yetu akifia Mombasa atarudishwa. Akifia Marekani atarudishwa, hata kama kamati itakaa wiki tatu ikihesabu michango na kutuma namba ya M-Pesa kwa kila aliyewahi kumsalimu marehemu. Hema litapatikana, viti vitapatikana, ng'ombe atapatikana. Heshima hiyo tumeirithi kwa baba zetu, na namshukuru Mungu kwamba haijatutoka.

Lakini kutana Jumatatu na mmoja wa waliohudhuria, umwulize: yule mzee alikuwa nani? Atakuambia alikuwa mtu wa watu. Mwulize alifanya nini katika miaka yake themanini. Atakuambia chakula kilitosha.

Hapo ndipo ninapokasirika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, tena limepigwa mistari vizuri: nani katoa mia mbili, nani kaahidi elfu moja na mpaka leo hapokei simu. Mweka hazina anajua bei ya jeneza, ya petroli na ya sukari. Maisha yenyewe ya mtu aliyetukusanya yamepewa ukurasa mmoja wa programu, nao umeandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mpwa aliyeshuka sasa hivi kwenye basi la Nairobi.

Tuusome basi ukurasa huo. Alizaliwa mwaka fulani, wa tatu kati ya watoto saba. Alibatizwa. Alisoma. Alioa, au aliolewa, akajaliwa watoto. Kisha, ndugu wasomaji, unakuja ugonjwa! Ugonjwa una aya tatu: presha ilianza lini, alilazwa wapi, akahamishiwa wapi, daktari akasema nini. Miaka arobaini ya kazi mstari mmoja, wiki sita za kitandani aya tatu. Adui yake asingemdhulumu hivyo.

Wanaodhulumiwa zaidi ni akina mama. Mama amenunua omena ufukoni Dunga alfajiri, ameanika, amepeleka gunia sokoni Kibuye, amesomesha watoto sita kwa samaki, na karo ya mtoto wa jirani ameitoa kwenye akiba yake mwenyewe ya chama. Siku ya kuzikwa anasomwa kuwa mke wa mzee fulani na mama wa fulani na fulani, basi. Yule mwanawe mhandisi aliyevaa miwani myeusi mstari wa mbele, nani alimfikisha huko? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeunda yumo sandukuni pale mbele, hakuna anayemtaja kwa kazi yake.

Tunajiita watu wa Biblia. Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya tisa. Dorkasi alipokufa kule Yafa, Petro alipopanda orofani hakukuta mtu akisoma tarehe za ubatizo. Wajane walisimama karibu naye wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Huo ndio uliokuwa wasifu wake. Nani kati yetu amesimama mazishini akainua wavu uliofumwa na marehemu, au kitabu chake cha hesabu za duka, akasema: tazameni, hiki ndicho alichotufanyia?

Babu zetu ambao hawakushika kalamu walitushinda. Mpiga nyatiti alifika matangani akamtaja marehemu kwa ukoo wake, kwa sifa zake, hata kwa vituko vyake, na watu wakacheka katikati ya machozi. Katika ibada ya tero buru wanaume walitoka na mikuki na kufukuza ng'ombe ili kukitimua kifo, na kila jirani akajua aliyeanguka alikuwa mtu wa namna gani. Siku hizi kipaza sauti ni cha mheshimiwa. Binti anaanza kueleza jinsi baba yake alivyomfundisha kusoma kwa gazeti kuukuu, mshereheshaji anamkatiza: fupisha, wageni wamefika. Wageni wanapanda, wanatuambia nani atakuwa gavana, wanatupiana maneno mbele ya jeneza, wanatoa bahasha, wanaondoka kabla ya koleo la kwanza la udongo. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini tunaoliweka juu ya meza ni sisi. Asiyekuwapo na lake halipo. Huyu yupo mbele yetu, na lake bado halipo!

Mtu ataniambia kwamba wakubwa wetu wanakumbukwa. Kweli, kwa sababu walijiandalia. Mwaka 2025 ulituvunja migongo. Mwanahistoria Profesa Bethwell Ogot wa Gem alituacha tarehe 30 Januari, akiwa na miaka 95. Mama Phoebe Asiyo, aliyekuwa mbunge wa Karachuonyo, alifuata tarehe 16 Julai. Raila Odinga alikufa India Jumatano, tarehe 15 Oktoba, akazikwa Bondo Jumapili ya tarehe 19, maana aliusia asicheleweshwe. Mazishi ya mtu wa taifa zima yalimalizika kwa siku chache, na sisi tunamweka mzee wa kijiji mochari mwezi mzima. Wote watatu waliandika maisha yao vitabuni kabla ya kuondoka, kama Jaramogi, baba yake Raila, alivyofanya mwaka 1967. Sasa niambieni, fundi wa mashua wa Usenge ataandikwa na nani?

Ogot huyo alijenga jina lake kwa kuwasikiliza wazee. Wakati wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia, yeye alikusanya masimulizi ya Nyanza, na mwaka 1967 akatoa kitabu cha historia ya Wajaluo wa kusini. Wazee aliowauliza hawakuwa maprofesa. Tumemlilia kwa sauti kubwa, lakini kazi yake hatuifuati hata kwa bibi zetu wenyewe.

Tazama tunachopoteza. Waliosimamia mitambo ya KICOMI, kiwanda cha nguo cha Kisumu, kabla hakijafungwa wanakwisha. Mabaharia wa meli za shirika la reli, waliojua bandari ya Kisumu ilipokuwa bandari kweli, wanakwisha. Tarehe 25 Oktoba 1969 Mzee Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali ile ambayo mpaka leo tunaiita Russia, ghasia zikazuka na risasi zikapigwa kwenye umati. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi siku ile leo amepita sitini na tano. Ni wangapi tumewazika huku wasifu wao ukikumbuka jina la shule ya msingi na kunyamaza juu ya siku hiyo?

Kugombania maiti, hapo sisi ni hodari. Wakili S. M. Otieno alikufa tarehe 20 Desemba 1986, akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, baada ya mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager kuburutana mahakamani kwa miezi. Kila mtu wa rika langu anajua alipolazwa. Mwulize mtu huyo Otieno alitetea kesi zipi.

Hata usiku wa matanga marehemu hasimuliwi tena. Zamani mkesha ulikuwa wa wazee: moto unawashwa, mmoja anaanza, wa pili anasahihisha, wa tatu anakumbuka kisa cha ng'ombe aliyepotea, na mpaka alfajiri marehemu amesimuliwa mzima. Sasa spika kubwa kama kabati zinapangwa uani, vijana wanatoka vijiji vitatu, na marehemu hatajwi.

Wapo wanaoogopa kusema maisha ya mtu kwa sababu marehemu hasemwi vibaya, basi kila anayezikwa kwetu amekuwa malaika. Semeni ukweli kwa adabu. Mzee aliyekuwa mkali, semeni alikuwa mkali, na semeni pia kwamba ukali huo ndio uliolinda kisima cha kijiji dhidi ya wenye tamaa. Wajukuu wake waliopewa jina lake wana haki ya kujua wamebeba la nani.

Ninyi wa Nyalenda na Manyatta, wa Seme na Nyakach, mmesomesha watoto mpaka Ulaya kwa kuuza samaki. Kazi hii haiwashindi. Kamati inayokutana leo jioni inunue daftari la pili. Impe kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri, aende kwa rafiki wa marehemu, kwa mwenzake wa kazini, kwa mke mwenza, kwa mdeni wake, aandike. Nakala moja ikae kanisani, nyingine shuleni. Ambaye bibi yake yu hai asingoje kamati, akae naye Jumapili hii na simu yake ya kurekodi, badala ya kumpiga picha tu. Siku ya mazishi binti asome mpaka mwisho. Mheshimiwa akifika apewe kiti, apewe soda, na akishuka jukwaani baada ya dakika mbili tumpigie makofi.