Usiniambie iko kwenye wingu, irudishe nione

Juni mwaka jana, dukani kwa Ami yangu huku Langoni, mzee mmoja mvuvi aliambiwa mbele ya watu kwamba anadaiwa shilingi 6,800. Alikuwa amekuja kuchukua unga na mafuta ya kupikia. "Deni hilo nililipa mwezi uliopita, mwanangu," akasema. "Nilikupa mkononi, hapa hapa." Ami akaangalia simu tena. "Samahani mzee wangu, huku naona bado." Mzee akaurudisha unga juu ya kaunta, akatoka bila kugombana na mtu.

Simu ilikuwa inasema uongo, na aliyeitia uongo huo ni mimi.

Wacha nieleze, hata kama ni aibu yangu. Najua vijana wengi wa rika langu, kuanzia Lamu hadi Mombasa hadi Nairobi, wanawatengenezea watu mifumo kama ule wangu na wanalala usingizi ule ule mtamu niliokuwa nalala.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa kabisa. Nikarudi nyumbani na laptopu moja na ujuzi wa kutosha kunipa kiburi. Ami alikuwa na daftari la madeni, limechakaa, lina madoa ya mafuta. Wakati wa kusi bahari huchafuka, samaki hupungua, na wavuvi huchukua unga na mchele kwa mkopo. Kaskazi ikiingia wanalipa. Kwa hiyo daftari lile ndilo duka lenyewe. Nikamshawishi tulihamishie kwenye hifadhidata: jedwali la wateja, jedwali la mikopo, jedwali la malipo, yote yamefungamanishwa kwa namba ya mteja. Nikatumia PostgreSQL kwenye seva ya kukodi, kampuni ya ng'ambo, malipo kwa mwezi.

Ami aliuliza swali moja tu. "Na ikipotea?"

Nikamjibu huku nacheka: "Haipotei Ami, iko kwenye wingu."

Basi bili ya kila mwezi ikaanza kuuma, nikapata kampuni nyingine ya bei nafuu. Mwishoni mwa Aprili nikafanya jaribio. Nikanakili hifadhidata yote hadi seva mpya, ikakubali. Freshi. Nikaiacha hapo. Wiki sita baadaye nikaamua kuhama kabisa. Sikutaka kumaliza bando, kwa hiyo sikuishusha nakala kwenye laptopu yangu. Niliipitisha moja kwa moja kutoka seva hadi seva, bila kubakisha faili popote. Skrini ikajaa makosa: jedwali hili lipo tayari, namba hii ipo tayari. Nikasoma mistari miwili mitatu, nikasema ah, mambo ya kawaida. Nikafungua programu. Majina yako, madeni yako, kila kitu kinang'aa. Nikaelekeza duka kwenye seva mpya, nikaifunga akaunti ya zamani.

Hapo ndipo nilipochoma.

Seva mpya ilikuwa bado imebeba majedwali ya Aprili. Data ya Juni ilipofika ilikuta nafasi imekaliwa. Namba ya kwanza ilipogongana na iliyokuwepo, jedwali zima likakataliwa. Nilichokiona kinang'aa kilikuwa Aprili. Wiki sita za mikopo na malipo zilibaki kwenye akaunti niliyoifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Kampuni ya zamani ilikuwa inatengeneza nakala kila usiku, ndiyo, lakini nakala hizo zilikaa ndani ya akaunti hiyo hiyo. Zikaenda nayo.

Tulikaa siku nne tukijaribu kuirudisha Mei. Waliolipa kwa M-Pesa walikuwa na ujumbe kwenye simu, na Ami alikuwa na wake. Hao tuliwajenga upya shilingi kwa shilingi. Waliolipa taslimu hawakuwa na kitu ila neno lao. Na ni nani huku kwetu bado analipa taslimu? Ni wazee. Yaani mfumo wangu ulipoanguka uliwaangukia wale ambao hawakuwahi kuuomba. Ami akaamua kulikubali neno la kila mmoja. Wengi walikuja wenyewe wakataja walichokopa. Wengine hawakuja, na hatutajua.

Ukifikiri hayo ni mambo ya teknolojia tu, hebu vuka hapo ng'ambo hadi Pate. Historia ya masultani wa Pate, ile tunayoiita Habari za Pate, ilikuwa imeandikwa. Inaelezwa kwamba andiko la asili lilikuwa Witu, na Waingereza walipoushambulia mji huo mwaka 1890 likaangamia. Tunachosoma leo kwa kiasi kikubwa kimetoka kwa mtu mmoja, Bwana Kitini wa ukoo wa Nabahani, aliyekuwa ameihifadhi kichwani. Watu tofauti walimsikiliza na kunakili kwa nyakati tofauti, na matoleo hayo hayapatani kila mahali. Wanahistoria bado wanavutana kuhusu miaka ya enzi za masultani. Habari ilirudi, lakini hakuna andiko la kwanza la kuilinganisha nalo.

Sasa mlinganishe na Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mwandishi wa hati, aliyefariki miaka ya 1940. Yeye alinakili tendi kwa mkono, nyingine akiwapa watafiti wa Ulaya. Leo nakala za mkono wake ziko London na Hamburg. Unaweza kulalamika kwamba urithi wetu uko mbali, na una haki. Ila nyumba ikiungua Lamu, nakala ya Hamburg haisikii hata moshi.

Wakubwa pia wanaanguka kwa sababu hizi hizi. Tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Kati ya takriban gigabaiti 300 zilibaki 4.5. Walikuwa na njia tano za kujilinda, na walipozikimbilia hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi sawasawa. Nakala za kila siku zilikuwa hazitengenezwi kwa sababu toleo la pg_dump lilikuwa la zamani kuliko hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Machi 2021, jengo la OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, liliungua. Kuna wateja waliogundua siku hiyo kwamba nakala zao zilikuwa kwenye eneo lile lile la moto. Septemba 2025 moto ukapiga kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, terabaiti 858, ikapotea. Haikuwa na nakala nje, na sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Sisi watu wa Langoni, tuliozoea paa za makuti, hatuhitaji kufundishwa hili. Hakuna mtu anayeweka ndoo ya kuzimia moto ndani ya chumba kinachoungua.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua yatawaudhi mafundi wenzangu: nakala ambayo hujawahi kuirudisha si nakala. Ni matumaini. Na kumwambia mteja "iko kwenye wingu" bila kumwonyesha ikirudi ni kumdanganya, hata kama hukukusudia. Wingu ni tarakilishi ya mtu mwingine, kwenye jengo la mtu mwingine, chini ya masharti ambayo wewe na mimi tulibofya "nakubali" bila kuyasoma.

Yasome sasa. Kwa mfano, kwenye Amazon RDS nakala za otomatiki hukaa siku 35 kwa wingi zaidi. Na ukiifuta hifadhidata bila kuchagua kuzibakisha, nakala hizo zinafutwa nayo. Wengine wanajitetea kwamba wana seva ya pili inayofuata ya kwanza sekunde kwa sekunde. Hiyo inakusaidia seva ikifa. Lakini ukiandika amri ya kufuta na ukasahau kutaja ni mteja yupi, seva ya pili itafuta wateja wote kwa utiifu ule ule.

Mimi siku hizi nafanya hivi. Kila usiku nakala inatolewa na kutumwa kwenye akaunti ya kampuni tofauti, yenye nenosiri tofauti na inayolipiwa kando. Kila wiki naishusha moja, naifunga kwa nenosiri, naiweka kwenye diski nyumbani. Hiyo ndiyo kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja mbali na hapo. Faili la duka dogo likibanwa ni dogo kuliko video moja ya TikTok, kwa hiyo bando si kisingizio tena, na nilijifunza hilo kwa gharama.

Halafu, mara moja kwa mwezi, naikodi seva tupu kwa saa moja na kuirudisha nakala huko. Haigusi duka, haiharibu kitu. Nahesabu: wateja wangapi, jumla ya mikopo, jumla ya malipo, tarehe ya rekodi ya mwisho. Lile swali la tarehe peke yake lingeniokoa Juni. Pia naangalia kama ruhusa za watumiaji zimekuja, maana pg_dump haibebi watumiaji wa seva. Unaweza kurudisha nyumba nzima ukakuta huna ufunguo wa mlango.

Na unapohama, usihame juu ya mabaki. Anza na hifadhidata tupu, simamisha maandishi mapya, nakili, linganisha jumla pande zote mbili, ndipo uelekeze watu. Angalia saa pia. Ramadhani, duka la Ami huuza hadi saa saba usiku. Seva ikihesabu kwa saa za dunia, ambazo ziko saa tatu nyuma yetu, mauzo yote ya baada ya saa sita usiku yanaingia hesabu ya jana. Akaunti ya zamani iache wazi mwezi mmoja zaidi. Utalipa bili mbili, sawa. Mimi nililipa kingine.

Kuna watakaosema, basi si bora turudi kwenye daftari? Wazee wengi pale barazani waliniambia hivyo, na sikuwa na mdomo wa kujibu wakati ule. Leo ninao. Daftari lina nakala moja tu, linalowa, linaliwa na mchwa, na moto haulibagui. Tofauti ni kwamba mwenye daftari anajua linaweza kupotea, kwa hiyo analilinda. Sisi tumemwondolea mwenye duka hofu hiyo bila kumpa ulinzi wowote badala yake. Hilo ndilo kosa letu, na halirekebishwi kwa kurudi nyuma.

Na wewe mwenye duka, hoteli, boti au chama unayesoma hapa, hujui kompyuta na si lazima ujue. Muulize kijana wako swali moja kabla hujamlipa: "Chukua nakala ya jana, irudishe sasa hivi mbele yangu, unionyeshe jina la huyu mteja." Akianza hadithi ndefu, umeshapata jibu. Una haki ya kuuliza, na wateja wako pia wana haki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitaki tu data za watu zilindwe zisivuje, inataka pia ziweze kurudishwa kwa wakati zikipata ajali. Deni la mvuvi ni data ya mtu, na jina lake limo ndani.

Siku hizi Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya sala, nakaa na Ami nyuma ya duka. Nairudisha nakala, yeye anachagua jina lolote, nalisoma. Mara ya kwanza alichagua jina la yule mzee. Salio: sifuri.

Tulikwenda kwake, mimi na Ami, kumwomba radhi. Alitukaribisha kahawa na akasema yamekwisha. Lakini unga ananunua duka la pili, na akipita hapa jioni akielekea ufukweni, anasalimia bila kusimama.