Jina la Mwanaanga Tunalo, la Mpagazi Liko Wapi?



Novemba ni mwezi wa kuwakumbuka marehemu wetu. Leo nakualika tuwakumbuke waliokufa huku Kusini, kuanzia delta ya Rufiji hadi Kilwa na Lindi, katika Vita Kuu ya Kwanza.

Januari 6, 1917, ndege ya Waingereza, ya aina inayotua juu ya maji, ilikwenda kuwapeleleza Wajerumani katika delta ya Rufiji, kaskazini mwa Kilwa. Rubani alikuwa Edwin Rowland Moon. Pamoja naye alikuwa Kamanda Richard Bridgeman, mtoto wa lodi. Injini ikaharibika, wakatua kwenye kijito. Wakaiteketeza ndege isiangukie mikononi mwa adui, kisha wakatangatanga kwenye mikoko bila chakula cha maana. Mwishowe waliunda chelezo, maji yakawasukuma hadi baharini. Moon alihangaika kumwokoa, lakini mwenzake alifariki Januari 9. Moon alifika ufukweni akiwa hai, akakamatwa na Wajerumani.

Katika Yohana 15:13 Bwana anatufundisha kwamba hakuna upendo unaopita wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Moon hakufa siku ile, lakini hakumwacha mwenzake ili ajiokoe peke yake. Alitunukiwa nishani, na majina ya wote wawili yameandikwa.

Sasa tuwageukie wengine. Mbung'o waliwaua farasi na nyumbu wa jeshi, hivyo kutoka bandari za Kilwa na Lindi mizigo ilipanda bara vichwani mwa watu. Walikuwa babu zetu, wengi wao wakiwa wamekamatwa kwa nguvu. Njaa, malaria na kuhara damu viliua wengi kuliko risasi. Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000. Oktoba 1917, pale Mahiwa, barabara ya kwenda Masasi, askari Waafrika waliuana kwa siku nne kwa amri ya wakubwa wa Ulaya.

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi.

Radhi ni jambo jema, lakini haiandiki jina hata moja. Kazi hiyo inaweza kuanzia kwetu. Parokia zetu kongwe zina madaftari ya ubatizo, na shule za misheni zilikuwa na orodha za wanafunzi. Wamo vijana waliosoma kwetu, wakaondoka, wasirudi. Wapo pia wazee waliosikia majina hayo kwa baba zao, na kila mwaka tunawazika wazee hao pamoja na majina waliyoyabeba.

Isaya 49:16 inatuambia kuwa Mungu ametuchora viganjani mwake. Yeye hajamsahau mpagazi, awe Mkristo au Mwislamu. Waliosahau ni sisi.

Leo baada ya ibada, mkalishe babu au bibi, chukua daftari, umuulize: nani wa ukoo wetu alikwenda vitani asirudi? Andika jina. Jumapili ijayo mpelekee padri au mchungaji, lisomwe kanisani.

Jumapili njema.