Kinga ya kiti na ulimi wa anayekikalia

Kongo tuna mazoea ya kumlipa mpigania ukombozi kwa kumkabidhi kazi ya kuisemea nchi nje. Hoja zinajulikana: amekaa uhamishoni, anajua lugha, ana marafiki ughaibuni, hakula na dikteta Mobutu. Abdoulaye Yerodia Ndombasi alikuwa na sifa hizo zote. Alikuwa mwanafalsafa, ameishi Ufaransa miaka mingi karibu na watu wa mtaalamu wa saikolojia changanuzi Jacques Lacan, na mwandani wa Rais Laurent-Désiré Kabila. Machi 1999 akawa waziri wa mambo ya nje.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Agosti 1998. Waasi wa kundi la RCD na wanajeshi wa Rwanda walikuwa wamefika milangoni mwa Kinshasa. Yerodia akawaita maadui wadudu na vijidudu vya kuangamizwa. Mitaani, walioshukiwa kuwa Watutsi waliuawa, wengine wakichomwa moto. Watetezi wake walisema alikusudia wavamizi tu. Sikubali. Umati wenye hofu hauchuji nani mvamizi na nani jirani.

Katanga inalijua hilo vizuri. Miaka ya 1992 na 1993 gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza aliwaita watu wa Kasai bilulu, yaani wadudu. Wakafukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala stesheni na watoto na magodoro yao, wakingoja treni. Reli ya kwenda Kasai inapita Bukama, Kabondo-Dianda, kisha Kamina. Ndiyo njia waliyosafirishwa watu ambao wengi wao walizaliwa Katanga. Wagonjwa na watoto walifia safarini.

Tarehe 11 Aprili 2000 jaji wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata Yerodia kwa hotuba zile. Kongo ikaenda The Hague, na tarehe 14 Februari 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua, kwa kura 13 dhidi ya 3, kwamba Ubelgiji ilivunja kinga ya waziri aliye kazini. Naiunga mkono hukumu hiyo. Bila kinga, dola kubwa ingemkamata waziri wa nchi dhaifu wakati wowote ipendao, na mkoloni wa zamani angekuwa wa kwanza.

Ila mahakama ililinda kiti. Maneno yenyewe haikuyapima. Mwaka 2003 Yerodia akawa mmoja wa makamu wanne wa rais, na alifariki 2019 bila hukumu juu yake.

Sisemi kwamba msimamo mkali wa ujanani ni kasoro. Mtanzania Salim Ahmed Salim alitoka katika siasa kali za Zanzibar, akawa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, kisha akawa katibu mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kuanzia 1989 hadi 2001. Kinachohitaji kupimwa ni maneno ya uchochezi, na kwa kuwa kinga humfunika mteuliwa mara anapokalia kiti, kumpima kunapaswa kutangulia. Rais anapotaka kumteua mtu aliyerudi kutoka uhamishoni, hotuba zake zote ziwekwe mezani, hasa zile alizotoa wakati wa vita, na walioumizwa nazo wasikilizwe kabla hajapewa pasipoti ya kidiplomasia.