Homa ya Julai Kericho si ya baridi tu

Ukimwuliza mkaazi wa Nairobi mwezi wa baridi ni upi, atakujibu bila kusita kwamba ni Julai. Ukimwuliza Mwingereza swali hilo hilo, atakuambia ni Januari. Wote wawili wanasema kweli, ingawa jua lao ni moja. Tofauti hii tulifundishwa katika somo la jiografia, tukaijibu kwenye mtihani, kisha tukaisahau. Makala haya yanakusudia kukuonyesha, msomaji mpendwa, kwamba kuisahau kunaweza kumgharimu mtu uhai, hasa katika nyanda za majani chai za Kericho na Bomet.

Tuanze na jua lenyewe. Dunia huzunguka jua ikiwa imeinama kwa nyuzi 23.5. Mwezi wa Juni upande wa kaskazini huwa umeelekea jua, mchana wa London ukawa mrefu na joto likapanda. Ifikapo Desemba mambo hugeuka: Ulaya hujifunika makoti, na Australia hutafuta kivuli. Wengi hudhani kwamba joto huja pale dunia inapolikaribia jua. La hasha! Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati ule ule Ulaya inapotetemeka.

Sisi wa Ikweta hatumo katika hesabu hiyo. Mji wa Kericho uko chini ya nusu nyuzi kusini mwa Ikweta, na mchana wake ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Jua hupita utosini mara mbili, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba. Mwaka wetu basi hugawanywa na mvua, wala si na theluji. Ukanda wa mvua hulifuata jua likienda kaskazini na kurudi kusini, ndipo sehemu kubwa ya Kenya ikapata masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Maneno yenyewe, masika, vuli, kipupwe na kiangazi, yametoka Mwambao kwa watu waliotazama mvua na pepo za kusi na kaskazi. Ni kalenda ya hapa kwetu.

Kericho na Bomet nazo zina yao. Ziwa Victoria liko upande wa magharibi na msitu wa Mau upande wa mashariki. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani hupanda milima na kumwaga mvua alasiri, karibu miezi yote ya mwaka, na mara nyingi ikiwa ya mawe. Miezi iliyo mikavu kidogo ni Desemba hadi Februari. Mvua hiyo iliyotawanyika ndiyo iliyowavutia wapanzi wa chai katika miaka ya 1920, na ndiyo inayofanya majani yachumwe mwaka mzima.

Basi haya yanahusu nini afya yako? Yanahusu mbu.

Kwa muda mrefu imeaminika kwamba Kericho, kwa kuwa iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, ni baridi mno kwa malaria. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo sababu ni ya hatari. Viini vya malaria vikiingia ndani ya mbu huhitaji muda wa kukomaa kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu, na muda huo hutegemea joto. Kwa hesabu wanayoitumia wataalamu, penye nyuzi 25 za Selsiasi viini hukomaa kwa siku 12 hivi. Penye nyuzi 20 huchukua siku 28. Penye nyuzi 18 huchukua takriban siku 56, na mbu wengi huwa wamekufa kabla ya hapo. Chini ya nyuzi 16 viini havikomai kabisa.

Tazama vizuri hesabu hiyo. Kutoka nyuzi 18 hadi 19 tu, siku 56 hupungua zikawa 37. Mahali pa joto kama Kisumu nyuzi moja haibadilishi mengi. Kericho, iliyokaa pale pale mpakani, nyuzi moja yaweza kuwa tofauti kati ya mwaka wa salama na mwaka wa mlipuko.

Na milipuko imekuwapo. Mwaka 1945 daktari P.C.C. Garnham alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza maelezo ya milipuko ya malaria kwenye nyanda za juu sana za Kenya. Baadaye ugonjwa ulitulia, watu wakapumua. Lakini rekodi za hospitali za mashamba ya chai Kericho, zinazorudi nyuma hadi mwaka 1965, zinaonyesha visa vikirudi na kuongezeka katika miaka ya 1980 na 1990. Tena vilikuwa na msimu wake: kila mara vilivimba baina ya Mei na Julai.

Kwa nini miezi hiyo, na hali Julai ni mwezi wa baridi? Jibu liko kwenye ile kalenda ya mvua. Mwanzo wa mwaka ni wakati wa joto kidogo. Masika yakiingia Machi, vidimbwi hujaa mabondeni, kwenye mitaro na kwenye mashimo ya matofali. Mbu huzaliana humo. Viini navyo huchukua wiki kadhaa kukomaa ndani ya mbu, kisha siku 10 hadi 15 au zaidi ndani ya mwili wa mtu kabla hajaugua. Jumlisha, utafika Mei, Juni na Julai. Homa ya Julai ni deni la Aprili.

Hapo ndipo watu hukosea. Mtoto anaanza kutetemeka Julai, ukungu umetanda juu ya majani chai, na kila mtu nyumbani ana sweta. Mama anaambiwa ni baridi, amfunike na kumpa chai ya tangawizi. Kiswahili chetu nacho hakisaidii: mwenye mafua husema ana homa, na anayeungua mwili kwa malaria pia ana homa. Neno ni moja, magonjwa ni mbalimbali. Ni kweli kwamba mafua na nimonia huwapata watoto wengi wakati huo wa baridi. Lakini macho na mkono wa mama haviwezi kutenganisha magonjwa hayo na malaria. Kipimo cha damu ndicho kinachoweza.

Kosa hilo ni baya zaidi milimani kuliko ziwani. Mtu mzima aliyelelewa Siaya ameumwa na mbu wa malaria mwaka baada ya mwaka, na mwili wake umejenga kinga kiasi. Mtu wa Litein au Sotik hana kinga hiyo. Mlipuko ukifika hauchagui mtoto wala mzee. Hata mchumaji wa chai mwenye nguvu zake huanguka.

Wataalamu wamebishana sana kuhusu chanzo cha milipuko ile. Mwaka 2002 kundi moja la watafiti lilieleza katika jarida la Nature kwamba halikuona badiliko kubwa katika hali ya hewa ya Kericho na sehemu nyingine za nyanda za juu. Wengine wakanyooshea kidole klorokwini, ambayo viini vilikuwa vimeizoea, na ambayo Kenya iliacha kuitegemea mwaka 1998. Kisha mwaka 2011 Dkt Judith Omumbo na wenzake walichambua vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho vya kuanzia 1979 hadi 2009. Waliona joto limepanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila miaka 10. Mtu wa mjini atasema hizo ni sehemu ndogo za nyuzi moja. Mrudishe kwenye hesabu ya siku 56 na 37.

Kwa maoni yangu, mabishano hayo hayapaswi kutuchelewesha. Iwe ni dawa iliyochoka, iwe ni joto lililopanda, msimu wa ugonjwa unajulikana. Ninalolalamikia ni kalenda tunayoitumia kujikinga. Siku ya Malaria Duniani huadhimishwa Aprili 25. Ni siku njema ya hotuba na fulana, lakini Kericho na Bomet masika huwa yamenyesha kwa zaidi ya mwezi na mbu wameshazaliana. Kupulizia dawa nyumba Mei ni kufunga mlango wa zizi ng'ombe wakiwa barabarani. Kazi ya vyandarua, ya kupulizia dawa na ya kujaza akiba ya vipimo na dawa zahanati inafaa kumalizika kabla ya Februari kwisha.

Hili linawezekana. Tangu mwaka 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na hakuna anayeilazimu Bomet kufuata ratiba ya Mombasa. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kabla mvua hazijaanza. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, nasi siku hizi tuna zaidi ya mawingu. Kikwazo ni fedha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, wakati ule ule wodi zinapojaa. Kwa hiyo madiwani wanaopitisha bajeti Juni wanapaswa kuitengea kazi ya Februari ijayo fedha zake, badala ya kusubiri mlipuko ndipo watafute fedha za dharura.

Mtu wa kaunti atanijibu kwamba malaria imepungua milimani tangu kuja kwa dawa mpya na vyandarua. Ni kweli, na tushukuru. Lakini kupungua huko kunaipunguza hata ile kinga ndogo iliyokuwapo. Mwaka wa mvua nyingi kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998, ukikuta watu wamelala, utawaamsha vibaya.

Na wewe wa mjini usidhani hayakuhusu. Aprili ikifika utawapeleka watoto kwa nyanya yao, Kapkatet au Londiani. Wape chandarua, hata nyanya akicheka kwamba huko hakuna mbu. Mkirudi Nairobi, mtoto akipata homa wiki moja, mbili au hata tatu baadaye, mwambie daktari mlikuwa wapi. Daktari wa Nairobi hukutana na mafua mengi na huenda asiifikirie malaria usipomtajia safari. Dai kipimo cha damu siku hiyo hiyo. Ikiwa ni malaria, dawa imalizwe siku zote tatu hata kama mtoto ameanza kucheza. Akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya, akipumua haraka au akipata kifafa, usingoje asubuhi, mkimbize hospitalini.

Mzungu aliyetuandikia vitabu vya majira aliangalia dirisha la kwao akaona theluji. Hakukosea. Sisi tuangalie la kwetu. Mawingu yakianza kukusanyika juu ya Ziwa Victoria mwezi wa Machi, hapo ndipo msimu wa homa wa Kericho na Bomet unapoanza.