Darubini siyo anasa: kwa makamanda mliotucheka

Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya kata, huku huku milimani Uluguru. Saa sita mchana jua lilikuwa limeliwa karibu lote, na sisi tulikuwa tumefungiwa darasani. Mwalimu aliziba madirisha kwa ramani na makaratasi ya mitihani ya zamani. Simlaumu. Alisikia redioni kwamba ukiliangalia jua kwa macho makavu unaweza kupofuka, na hakuwa na miwani hata moja ya kutukinga. Angefanyaje? Aliamua kuyalinda macho yetu.

Siku hiyo hiyo kule Rujewa, Mbarali, watu walifurika kuona jua limegeuka pete. Wageni walisafiri kuja kuliona. Sehemu ambako kupatwa kule kulifikia kilele chake duniani ilikuwa ndani ya mipaka yetu, kusini mwa nchi. Dunia ilikuja kwetu kuangalia anga letu, halafu mtoto wa Mluguru akasikia habari zake jioni kwenye redio ya baba.

Naanza na hiyo kwa sababu wiki iliyopita kwenye kikundi chetu cha vijana wa chama niliweka tangazo dogo. Sisi wanafunzi wachache tunaosoma hapa Mzumbe tunachangishana kununua darubini, miwani ya kutazamia jua na vitabu vya elimu ya anga kwa ajili ya shule za sekondari za kata huku milimani. Majibu mliyonipa ninyi, makamanda wenzangu, nimeyahifadhi. "Dada, watoto wanakaa chini wewe unaleta darubini?" "Hizo ni ndoto za Wazungu." Mmoja akasema nikishaona mwezi nimwulizie kama Katiba Mpya iko huko. Nimecheka na mimi, sikatai. Ila sasa nisikilizeni.

Hoja ya "madawati kwanza" naijua vizuri, maana ni ya watawala. Ukidai maabara, wanakwambia madawati kwanza. Ukidai madawati, wanakwambia darasa kwanza. Ukidai darasa, wanakwambia wananchi waanzishe boma, Serikali itakuja kupaua. Foleni hiyo haina mwisho, na mtoto wa maskini amewekwa mkiani tangu uhuru. Mtoto wa kigogo aliyeko shule ya kimataifa mbona hapangiwi foleni? Anakaa kwenye kiti, anakula mchana, na darubini anaichungulia, vyote siku moja. Kwa hiyo tukimwambia mtoto wa Mgeta asubiri, tujue tunasema kwa sauti ya nani.

Halafu hili la ndoto za Wazungu. Katika fizikia niliyosoma mimi, kidato cha nne kuna mada nzima ya elimu ya anga: makundi ya nyota, sayari, maji kupwa na kujaa. Kwenye jiografia, mfumo wa jua unafundishwa kidato cha kwanza. Mtoto anaulizwa mambo haya kwenye mtihani wa Taifa. Serikali yenyewe ndiyo iliyoyaandika kwenye muhtasari, kisha haikupeleka hata lenzi. Sisi tulichorewa sayari ubaoni kwa chaki, zote ukubwa sawa, tukakariri, tukajibu, tukasahau. Kama hiyo ni anasa, basi wafute na mtihani.

Na wazee wetu je, walikuwa Wazungu? Kilimia mnakijua? Kile kifungu cha nyota ndogo ndogo zilizobanana. Jina lake limetoka kwenye kulima. Waswahili walikitazama wakajua msimu, na methali ipo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ni elimu ya watu waliokesha miaka na miaka wakiangalia juu na kulinganisha na shamba. Leo mjukuu wao anaambiwa nyota ni mambo ya Marekani.

Sasa tuongee hela, maana ndiko mkuki uliko. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa chini ya MMEM, mwaka 2002, kwa dola 10, ambazo wakati ule zilikuwa kama shilingi 10,000. Mwaka 2016 ilipoanza elimu bila malipo, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000 zile zile. Dola ilishapanda zaidi ya mara mbili. Unga, chaki, mabati, vyote vilishapanda. Mtoto peke yake ndiye aliyebaki na bei ya 2002. Na katika hizo 10,000, shilingi 4,000 zilikuwa zinakatwa huko juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndiyo inashuka shuleni. Chukua shule ya watoto 400. Ni 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi. Humo utoe chaki, mitihani, ukarabati, michezo, na uendeshaji wa ofisi. Halafu mtu anasimama jukwaani anasema elimu ni bure.

Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni. Wazazi walikuwa wamechoka kunyanyaswa, watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani, kwa hilo nilimwelewa. Lakini ukimkataza mzazi kuchangia na wewe usiongeze ruzuku, umebakiza nini? Umebakiza wafadhili. Na wafadhili wana barabara zao.

Angalieni ilivyo. Ule mradi wa Telescopes to Tanzania, wa shirika la Astronomers Without Borders, ulipeleka darubini na mafunzo kwa walimu, ukachangisha mtandaoni hela za kujenga kituo cha elimu ya sayansi. Kazi nzuri, nawapongeza. Ila ulikuwa Arusha. Kenya, Susan Murabana na mumewe walianzisha The Travelling Telescope mwaka 2014, wanazunguka na darubini mpaka shule za vijijini. Hapa kwetu Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria ametumia miaka mingi kuwaelezea Watanzania habari za anga magazetini. Hawa watu nawavulia kofia. Lakini hakuna hata mmoja wao anayeweza kuwa Wizara. Hisani inafika pale ambapo kuna mtu anamjua mtu. Maji ya Ruvu wanayokunywa Dar es Salaam yanatoka kwenye milima hii, kabichi na karoti za Mgeta zinateremka kila wiki kwenda sokoni, na kinachopanda kurudi ni nini?

Mimi nasoma sheria, naomba niwape na hili. Ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inataja haki ya mtu kujielimisha, na inaitaka Serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa na za kutosha za elimu. Imekaa vizuri, unaweza kutoa machozi. Sasa rudi nyuma ibara ya 7(2). Inasema masharti ya sehemu ile hayatekelezwi na mahakama. Maana yake, mzazi wa Bunduki au Kinole hawezi kusimama mbele ya jaji akasema mwanangu amenyimwa fursa sawa chini ya ibara ya 11. Ni ahadi isiyo na mdai. Hapo hapo mwaka 1976 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, ambao ibara yake ya 15 inatambua haki ya kila mtu kunufaika na maendeleo ya sayansi. Kila mtu, na wa milimani yumo.

Kwa hiyo yule aliyeniuliza kama Katiba Mpya iko mwezini, jibu ni hili: tukiipata Katiba Mpya ambayo haki ya elimu inadaiwa mahakamani, hutakuja kuniona nachangisha hela ya darubini. Mambo haya mawili ni jambo moja.

Sasa niwaambie kilichotupata. Hela ilipatikana, buku mbili mbili na tano tano, nyingine zimetoka kwenye bumu la watu wanaolala na chai. Tukanunua darubini moja ndogo. Tukampelekea barua mkuu wa shule, akafurahi mno, kisha akanyong'onyea: hawezi kupokea bila kibali. Tukaenda ofisi inayohusika. Mara barua irudiwe, mara mhusika yuko semina, mwisho tukaambiwa tusubiri apatikane mgeni rasmi wa kukabidhi. Mgeni rasmi! Miezi mitatu darubini imelala chini ya kitanda changu hosteli.

Likizo ilipofika nikaibeba kwenda kwa bibi. Hatukwenda shuleni, tuliitega uani kwake. Mwezi wa nane huku juu ni baridi, na usiku ule mawingu yalikuwa yametuhurumia. Watoto walikuja na mashuka mabegani, wakapanga foleni wenyewe. Walipoiona Zohali na pete yake, dogo mmoja alizunguka mbele ya darubini kuangalia kama kuna picha imebandikwa. Baadaye bibi akachungulia, akasema, "Sasa mbona hamnionyeshi Kilimia?" Nikamjibu hakijatoka. Akasema, "Najua, kinatoka usiku wa manane. Kesheni." Tukakesha. Mwanangu wa sheria, mwenye vitabu, nilifundishwa anga na mwanamke asiyewahi kukaa darasani.

Usiku ule haukuhitaji kibali wala mgeni rasmi. Lakini uani kwa bibi si shule, na mimi likizo ikiisha narudi chuo. Mwalimu yule bado anafundisha sayari kwa chaki. Ndiyo maana sitaki mnichangie halafu mlale.

Naomba mambo matatu.

Kwanza, changieni, na msilete bendera. Kuna kamanda amependekeza tuibandike darubini rangi za chama. Hapana. Tutakuwa tumefanana na hao wanaosubiri mgeni rasmi. Na tukifanya hivyo tunampa mwalimu matatizo yasiyo yake.

Pili, mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Nendeni, msiwaachie wazee peke yao. Ulizeni ruzuku ya shule imeingia shilingi ngapi na imetumikaje. Muulizeni mbunge habari za Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Sheria yake ni ya mwaka 2009 na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Huko huko kijijini ndiko waulizwe wananchi wanataka nini. Mwaka 1955 wazee wetu wa Uluguru waliukataa mradi wa matuta wa mkoloni kwa sababu waliletewa kama amri. Tusirudie sisi na darubini zetu.

Tatu, hili ni la viongozi wetu. Majukwaani nasikia katiba, tume huru, bandari, tozo. Vyote sawa. Maabara za shule za kata nazisikia mara chache mno, na ruzuku ya mwanafunzi ndiyo kabisa. Naitaka kwenye ilani, ikiwa na kiwango: ruzuku ipande kulingana na bei za leo, na kila sekondari ya kata ipate vifaa vya mada zilizomo kwenye muhtasari. Tusipoandika, tusiwacheke CCM.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Kivuli kikuu kitapita kaskazini mwa Afrika, sisi huku tutaona sehemu tu. Sehemu inatutosha, ili mradi madirisha yasizibwe. Kuna watoto watakuwa kidato cha kwanza mwaka huo, kama nilivyokuwa mimi. Mwalimu wao awe na miwani ya kuwagawia, awatoe nje.

Naomba kuwasilisha.