Siwezi, Nina Mama

Mwanzoni mwa mwaka 2025 nilipigiwa simu na mwenzangu mmoja tuliyesoma pamoja Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza. Alinikumbusha kwamba mwaka huo tulikuwa tunatimiza miaka hamsini tangu tuhitimu, na kwamba wale wachache tuliosalia walikuwa wamekubaliana kukutana. Mpango wenyewe ulivutia. Tukusanyike Mwanza, tupande meli ya Victoria jioni, tulale ziwani, alfajiri tupite Kemondo na kushuka Bukoba kwa mwenzetu aliyejenga huko. Meli hiyo tuliifahamu tangu ujana wetu; ilianza kazi mwaka 1961, ikalala miaka kadhaa kwa ubovu, na ikarudi majini mwaka 2020 baada ya kukarabatiwa. Kwa hesabu yangu, kutoka Kijenge hadi kurudi Kijenge, zingekuwa siku kumi.

Nilimjibu papo hapo: "Siwezi, ndugu yangu. Nina mama."

Mama yangu alizaliwa mwaka 1933. Anaishi nami hapa Kijenge tangu mwaka 2017, alipoteleza kwenye tope kule Poli akavunjika nyonga. Hainuki kitandani bila kushikwa, na kumbukumbu zake huja na kwenda kama wingu juu ya Mlima Meru. Kwa hiyo jibu langu lilikuwa na sababu, tena sababu nzito. Lakini nakiri kwamba lilinipatia sifa nyingi. Mwenzangu alisema mimi ndiye mtoto wa kweli. Siku mbili tatu baadaye, ndani ya kifodi cha kwenda mjini, mama mmoja nisiyemjua vizuri alinipa pole na hongera kwa pamoja: "Shikamoo Mwalimu. Tumesikia umekataa safari ya meli kwa ajili ya bibi. Mungu akuzidishie." Nikavimba kichwa.

Wapo pia walioniunga mkono kwa sababu nyingine. Walinikumbusha MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu. Hofu hiyo naiheshimu. Makaburi ya Igoma si hadithi. Lakini niliposikiliza vizuri niligundua kwamba karibu kila mmoja aliishia kwenye swali moja: "Je, mama akifariki wewe uko ziwani, utafika mazishini?" Hakuna aliyeuliza nani atamlisha mama siku hizo kumi. Wote waliuliza nani atamzika.

Jioni moja nilimsimulia mke wangu habari hizi, pamoja na zile sifa. Alikuwa anakunja mashuka ya mama, na hakuacha kukunja. Akaniuliza: "Mwalimu, kile kidonge cheupe cha mama, anameza kabla ya chai au baada ya chai?"

Sikujua.

Ndugu msomaji, nimekuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Nimefundisha saikolojia ya malezi kwa vijana waliokwenda kufundisha kila pembe ya nchi hii. Na kwa miaka minane nilikuwa naishi nyumba moja na mama yangu bila kujua dawa yake inamezwa lini. Nilichokuwa nakifanya kwa uaminifu mkubwa ni kuwa na wasiwasi. Kuuguza nilimwachia mke wangu, mwenye miaka 68, ambaye hakuzaliwa na mama huyu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nimesifiwa kwa kubeba mzigo uliokuwa kichwani mwa mtu mwingine.

Tangu jioni ile nimekuwa na ugomvi na maneno matatu tunayopenda kuyasema, na hapa nataka kuugombana waziwazi.

Neno la kwanza ni lile la kujigamba: "Sisi Waafrika tunawatunza wazee wetu, si kama Wazungu wanaowapeleka kwenye makazi." Kwanza si kweli kwamba hatuna makazi ya wazee, waulizeni watu wa Nunge, Kigamboni, au wa Kolandoto, Shinyanga. Lakini tatizo kubwa zaidi liko katika neno "tunawatunza". Ingia nyumba yoyote yenye mzee asiyejiweza, hapa Kijenge, Usa River au Akheri, uulize ni nani hasa. Utakuta mtu mmoja. Mara nyingi ni mwanamke: mke wa mtoto, binti aliyeachika, mjane, au msichana wa kazi aliyetoka mkoa mwingine kwa mshahara mdogo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliikabidhi familia jukumu la msingi la matunzo. Sawa, lakini familia haina mikono. Mikono ni ya mtu fulani, na mtu huyo tumemficha nyuma ya neno "sisi".

Neno la pili ni hili: "Mwanamume hawezi kumwuguza mama yake, mila hairuhusu." Nimelitumia neno hili mwenyewe, na lina ukweli ndani yake. Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Hata mama mwenyewe angeona aibu, na heshima ya mzee ni sehemu ya afya yake. Lakini je, mila ilikataza kupika uji? Ilikataza kukaa macho saa nane ya usiku? Ilikataza kujua dawa? Tumeichukua hiyo nusu saa ya kuogesha, tukajipa msamaha wa saa ishirini na tatu na nusu zilizobaki.

Neno la tatu ndilo baya kuliko yote, nalo ni lile swali la mazishi. Angalia tunavyochanga. Mzee akifariki, kamati inaundwa siku hiyo hiyo, yenye mwenyekiti, katibu na mhazini. Mabasi yanakodiwa, maturubai yanafika, watoto wanapanda ndege kutoka ng'ambo. Mzee huyo huyo akiwa hai na anahitaji godoro la kuzuia vidonda, simu hazipokelewi. Hata sheria zetu zimefuata mkondo huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipotungwa mwaka 2004 ilimpa mfanyakazi siku nne kwa ajili ya kifo cha mzazi. Kwa ugonjwa ilimtaja mtoto, mzazi haikumtaja. Siwalaumu walioiandika. Waliandika walichokiona kwetu: watu ambao humfikia mzazi akiwa ndani ya jeneza.

Baada ya kuwaza haya nilifanya jambo ambalo lilipaswa kutangulia. Nilimwuliza mama. Katika mazungumzo yote yale, yeye ndiye mtu pekee ambaye hakuna aliyemwuliza kitu. Nilisubiri siku ambayo akili yake ilikuwa safi, nikamweleza habari za ziwa na za wenzangu. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunisimulia habari za Kirilo Japhet.

Wazee wa Meru wanaijua habari hiyo. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu wetu kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka 1952 Wameru walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Mimi nilizaliwa mwaka huo huo. Mama alisema: "Wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni. Hatukuwa na kitu, lakini tulichanga ili mtu aende. Siku hizi mnachanga mtu akishakufa." Kisha akaongeza: "Nenda. Ila huyu binti ndiye atangulie kupumzika." Binti aliyemaanisha ni mke wangu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa Juni mke wangu alikwenda kwa dada yake Tanga kwa siku kumi na mbili, safari yake ya kwanza ya kulala nje tangu mama ahamie kwetu. Mimi nilibaki. Binti wa kaka yangu alikuwa anakuja asubuhi kumwogesha bibi yake, kisha anakwenda zake dukani. Kilichobaki kilikuwa changu.

Nilijifunza kwamba mgonjwa wa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili, hata usiku, la sivyo ngozi huanza kuchubuka. Nilijifunza kwamba loshoro, ambayo mama aliipenda maisha yake yote, sasa ni lazima ipondwe hadi iwe laini kabisa, la sivyo humpalia. Nilijifunza kwamba saa tisa usiku humwita dada yake aliyefariki zamani, na kwamba ukimwambia amekufa huomboleza upya kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Na usiku wa tatu nilijifunza jambo ambalo sikutaka kulijua. Mama alikuwa ameita mara ya tano, baridi ya Juni ilikuwa kali, na mimi nilimfokea. Nilimfokea mama yangu mzazi, kwa sauti ile niliyoitumia zamani kwa wanafunzi watoro. Alinitazama kama mtoto, akajifunika kichwa.

Siandiki haya ili nihurumiwe. Nayaandika kwa sababu ndiyo hoja yangu yenyewe. Usiku tatu tu zilinitosha kufoka. Je, miaka minane? Mwuguzaji aliyechoka ni hatari kwa mgonjwa, hata akiwa na upendo wa malaika. Kwa hiyo kumpumzisha mwuguzaji ni sehemu ya kumtunza mzee, kama dawa na kama uji.

Mwezi wa Julai niliwaita wadogo zangu watatu: wawili wa kiume, mmoja Dar es Salaam na mwingine Usa River, na dada yetu wa Moshi. Yule wa Dar es Salaam alitoa hoja iliyozoeleka, kwamba yeye ana kazi, hivyo atatuma fedha. Nilimshukuru, nikamwambia fedha inahitajika, lakini fedha haimgeuzi mtu kitandani saa nane ya usiku. Kisha nikatoa daftari. Kila shule ina mwalimu wa zamu, na hakuna mwalimu anayekataa zamu kwa kisingizio kwamba anawapenda wanafunzi akiwa nyumbani kwake. Hesabu ilikuwa rahisi. Sheria ile ile ya mwaka 2004 inamtambua mfanyakazi kuwa mtu wa kupumzika siku 28 kwa mwaka. Sisi tuko wanne. Kila mmoja akishika wiki moja tu, zinatimia siku 28. Mke wangu, kwa miaka minane, alikuwa hajapata hata moja. Ukumbi ulikuwa kimya. Dada yetu ndiye aliyeandika jina lake wa kwanza. Yule wa Dar es Salaam aliandika la mwisho, lakini aliandika.

Mwezi wa Agosti nilipanda basi kwenda Mwanza. Mke wangu nilimkaribisha tufuatane, akakataa; alisema hana haja ya kulala majini akisikiliza wazee wakisimulia habari za mwaka 1975. Dada yetu alikuja kushika zamu yake, na mdogo wetu wa Usa River akampokea. Meli ilipofika Kemondo nilipiga simu nyumbani. Aliyepokea alikuwa mdogo wangu, amechoka, analalamika kwamba mama amekataa uji. Nilimwambia aongeze sukari kidogo na asubiri robo saa. Nilikata simu nikiwa na furaha isiyo na aibu. Wasiwasi nilikuwa nao bado, lakini safari hii ulikuwa wasiwasi wa mtu anayejua anachokihofia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye mzazi mzee na tiketi mkononi, usiniulize kama ni halali kusafiri. Jiulize kwanza: kidonge kinamezwa kabla ya chai au baada ya chai? Nani anayejua, na yeye alipumzika lini mara ya mwisho? Kama hujui, usipande meli. Lakini pia usijisifu kwa kubaki. Kama unajua, na jina lako limo kwenye zamu, nenda salama.